Tishali Lililopita Chini ya Mkasi

Tarehe 25 Aprili 1934 kampuni ya Gaumont iliwakusanya wenye majumba ya sinema katika ukumbi wa Palais Rochechouart, Paris, ikawaonyesha filamu moja ya mapenzi ili waamue kama wataikodi. Watu hao hawakwenda pale kutafuta sanaa. Walikuwa wafanyabiashara, tena wafanyabiashara wa mwaka mbaya, na swali lao lilikuwa lile la kila mwenye duka anayeletewa bidhaa asiyoizoea: nani atainunua? Filamu ikaisha, taa zikawashwa, na hamu haikuonekana. Filamu yenyewe ilikuwa L'Atalante ya Jean Vigo. Miaka 28 baadaye, jarida la Sight and Sound la Uingereza lilipowauliza wahakiki wa nchi mbalimbali wataje filamu bora za wakati wote, hiyohiyo ikaingia katika kumi za kwanza, na mwaka 1992 ikapanda hadi nafasi ya sita, ikigawana nafasi hiyo na nyingine. Njia nyepesi ya kueleza mgeuko huu ni kusema kwamba watu wa 1934 walikuwa vipofu na waliokuja baadaye wakafunguka macho. Maelezo hayo yanatupendeza kwa kuwa yanatusifu sisi wenyewe, na hiyo ni sababu ya kutosha kuyatilia shaka. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya ubishi juu ya L'Atalante haikuwa ubishi juu ya filamu moja. Watu walikaa mbele ya filamu tofauti zilizobeba jina moja, na kuna wakati hata jina halikuwa moja. Ukishaziondoa tofauti hizo za nakala, ndipo ubishi wa kweli unapobaki chujioni, nao ni wa jambo dogo kuliko watu wanavyodhani.

Kisa chenyewe mtu anaweza kukimaliza kabla birika halijachemka. Juliette, binti wa kijijini ambaye hajawahi kutoka kwao, anaolewa na Jean, nahodha wa tishali linalobeba mizigo katika mifereji na mto Seine. L'Atalante ndilo jina la tishali hilo. (Aliyewahi kuona matishali ya Tanga yakivutwa kwenda kwenye meli zilizotia nanga mbali asiyafikirie hayo. Tishali la Kifaransa lina injini, jiko na vyumba vya kulala. Ni nyumba inayotembea.) Harusi inatoka kanisani na kwenda moja kwa moja mtoni, na bi harusi anapandishwa chomboni akining'inia kwenye boriti ya kupakilia mizigo, bado amevaa nguo yake nyeupe. Ndani wamo watu wengine wawili: baharia mkongwe aitwaye Père Jules, tuseme Mzee Jules, na kijana wa kazi, na paka, ambao hakuna anayejua idadi yao. Juliette anaitamani Paris. Jean ana wivu, kwanza kwa Jules, kisha kwa mchuuzi mcheshi anayemchezesha mkewe dansi mgahawani. Usiku mmoja Juliette anatoroka akaione Paris kidogo tu kisha arudi; Jean anakasirika, anaondoa tishali na kumwacha. Mjini Juliette anaibiwa mkoba na anaanza kutafuta kazi. Jean naye anaishiwa nguvu, anakaa kama mtu aliyefiwa, hadi Mzee Jules anapokwenda kumtafuta binti huyo, anamkuta katika duka la santuri, na kumrudisha akiwa amembeba begani. Kisa kimekwisha.

Uchache huo wa kisa haukuwa bahati mbaya, na kuujua ulikotoka kunasaidia kuelewa kwa nini filamu ilipokelewa vile. Vigo alizaliwa Paris mwaka 1905, mtoto wa mwanaharakati wa kianarkisti na mhariri wa magazeti aliyejiita Miguel Almereyda, ambaye mwaka 1917 alikutwa amekufa kwa kunyongwa katika gereza la Fresnes. Mtoto alikulia katika shule za bweni chini ya jina la kuficha ukoo wake. Mwaka 1933 alitengeneza Zéro de conduite, filamu fupi juu ya wanafunzi wa bweni wanaowaasi walimu wao, na serikali ikaipiga marufuku. Haikuruhusiwa Ufaransa hadi 1945. Mtu aliyeigharamia, mfanyabiashara Jacques-Louis Nounez, alikuwa amekwisha kuungua vidole, lakini hakumtupa Vigo. Alimtafutia kitu ambacho mkaguzi wa serikali asingepata pa kukishikia: hadithi ya mapenzi ya mabaharia wa mtoni, iliyoandikwa na mtu aliyetumia jina la Jean Guinée, isiyo na siasa, isiyo na shule, isiyo na kasisi wa kudhihakiwa. Vigo aliipokea bila shangwe. Halafu akafanya jambo ambalo wafanyabiashara wa Palais Rochechouart hawakulitarajia: akakiacha kisa kilivyo, chepesi, na akaujaza muda wote uliobaki kwa vitu ambavyo kisa hakikuviomba.

Vitu hivyo ndivyo filamu. Ndani ya chumba cha Mzee Jules mna saa mbovu, picha za wanawake, mwanasesere anayeongoza bendi, akodiani, gramafoni iliyokufa, na mikono miwili ya rafiki yake marehemu iliyohifadhiwa ndani ya chupa. Mchoraji na mpambaji Francis Jourdain alisaidia kukijaza chumba hicho, na Michel Simon, aliyekuwa tayari na jina kubwa baada ya Boudu sauvé des eaux ya 1932, aliingia humo kama mtu aliyezaliwa ndani yake. Juliette anapoingia, ziara ya dakika chache inageuka safari ya kuzunguka dunia. Kisa hakisogei hata hatua moja, na wakati huohuo tunajifunza kila kitu juu ya binti huyu: kwamba ana udadisi, kwamba haogopi, kwamba Paris anayoitamani ni jina tu la mahali pengine popote. Mtu aliyelipa tikiti aone mume na mke wakigombana na kupatana ana haki ya kujiuliza yule mzee mwenye michoro mwili mzima anafanya nini katikati ya ndoa ya watu. Anayeuliza hivyo si mjinga. Ameelewa vizuri kanuni za filamu za mapenzi, na Vigo amezivunja mbele yake.

Upigaji picha ulifanyika katika majira ya baridi ya 1933 kuingia 1934, sehemu kubwa ukingoni mwa maji huko Conflans-Sainte-Honorine, mji wa matishali ambapo mto Oise unaingia Seine. Mpiga picha alikuwa Boris Kaufman, mdogo wa mwongozaji wa Kisovieti Dziga Vertov. Miaka ishirini baadaye angepata tuzo ya Oscar huko Marekani kwa On the Waterfront, filamu nyingine ya watu wa majini. Baridi ilikuwa kali, na Vigo alikuwa na kifua kikuu cha siku nyingi. Alipomaliza kazi ya nje alikuwa hoi, na katika hatua ya uhariri, iliyosimamiwa na Louis Chavance, alikuwa mgonjwa wa kitandani. Jambo hili lina uzito katika hoja yangu, maana hakuna hata siku moja ambapo Vigo, akiwa mzima, alikaa mbele ya nakala moja na kusema hii ndiyo. Tunapozungumza juu ya L'Atalante halisi tunazungumza juu ya kitu ambacho mwenyewe hakukiwekea muhuri, kama wosia uliosomwa kwa sauti ukabaki bila sahihi.

Baada ya ule ubaridi wa Aprili, Gaumont ikashika mkasi. Filamu ilikatwa hadi ikabaki takriban dakika 65, na jina likatupwa. Badala yake likawekwa Le Chaland qui passe, yaani Tishali Linalopita, ambalo lilikuwa jina la wimbo uliovuma wakati huo kwa sauti ya Lys Gauty. Wimbo huo haukutungwa kwa ajili ya filamu hii, wala asili yake haikuwa ya Kifaransa. Ulikuwa wimbo wa Kiitaliano wa Cesare Andrea Bixio, ulioimbwa mwaka 1932 katika filamu na kijana mmoja mwigizaji aitwaye Vittorio De Sica, yule ambaye baada ya vita angekuja kuongoza filamu ya wezi wa baiskeli. Ukapachikwa ndani ya sauti ya filamu, na muziki wa Maurice Jaubert ukasukumwa pembeni. Uharibifu huu ulikuwa mkubwa kuliko unavyoonekana, kwa sababu katika L'Atalante muziki umeshika kisa. Kinachomwelekeza Mzee Jules kwa Juliette katika jiji lenye mamilioni ya watu ni wimbo wa mabaharia wa matishali unaosikika kutoka duka la santuri. Ukibadilisha nyimbo katika filamu ya namna hii unagusa bawaba ya mlango.

Wapo wanaoitetea Gaumont, na utetezi wao unastahili kusikilizwa. Wanasema kampuni haikuwa shirika la hisani. Kwamba yenyewe ilikuwa imezama katika madeni. Kwamba Nounez na Vigo walijua tangu mwanzo kwamba filamu ni ya biashara. Na kwamba filamu fupi yenye wimbo maarufu ilikuwa na nafasi zaidi ya kuonwa kuliko filamu ndefu isiyoonwa na mtu. Yote hayo ni kweli isipokuwa la mwisho, na la mwisho ndilo lililobeba mengine. Le Chaland qui passe ilitoka Paris Septemba 1934 katika ukumbi wa Colisée, ikadumu wiki chache, ikaondolewa. Waliokuja kwa ajili ya wimbo hawakuona filamu ya wimbo, na ambao wangependa filamu ya Vigo hawakuoneshwa. Mkasi ulipunguza kile kilichokuwa cha ajabu bila kuongeza kile kilichokuwa cha kawaida, maana cha kawaida hakikuwepo cha kuongezwa. Mkasi unaotafuta kisa huanza kwa kutupa visivyosukuma kisa, na katika filamu hii visivyosukuma kisa ndivyo nyama. Jean Vigo alikufa tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 29, filamu yake ikiwa imetoka kwa jina lisilo lake.

Hapa nikubali ugumu mmoja ambao nadharia ya nakala peke yake haiwezi kuumeza. Mwanahistoria wa sanaa Élie Faure aliiona L'Atalante kabla haijakatwa, akaisifu kwa moyo wote katika jarida la Pour Vous la mwaka huohuo wa 1934. Mandhari zake za maji na ukungu zilimkumbusha picha za Corot. Faure na wale wenye majumba ya sinema, basi, waliona takriban kitu kilekile, majira yaleyale, katika mji uleule, na wakaachana njia panda. Kwa hiyo si kweli kwamba tofauti zote zinatokana na mkasi. Lakini angalia tofauti hii ilivyo. Faure, aliyezoea kuitazama picha ukutani kwa muda mrefu bila kuidai kisa, alitazama maji, na wale wengine walitazama ndoa. Hakuna upande uliosema uongo juu ya kilichomo. Kila upande ulipima kwa pishi yake, na pishi ya wenye sinema ilikuwa ile tuliyo nayo wengi wetu tunapokaa kutazama kisa cha mapenzi: je, nawaamini hawa wawili, na je, nina hofu kwamba watakosana?

Vifo na vita vikafuata, na nakala zikaanza maisha yao ya kutangatanga. Mwaka 1940 filamu ilirudishwa mbele ya watu kwa jina lake la kwanza na kwa sehemu ya vipande vilivyokatwa. Mwaka huohuo, mwezi Juni, Jaubert aliuawa vitani. Mwaka 1950 Henri Langlois wa Cinémathèque française alijaribu tena kuunganisha alichokipata. Katikati ya miaka hiyo kikazaliwa kizazi cha vilabu vya sinema, vijana waliokuwa tayari kukaa Jumamosi nzima gizani. François Truffaut aliandika baadaye kwamba aliziona filamu zote za Vigo kwa mkupuo mmoja mwaka 1946, akiwa na umri wa miaka 14, na kwamba hakuwa amewahi kulisikia jina hilo kabla ya siku hiyo. Huyu ni mtazamaji wa namna ya tatu. Hakuja kununua bidhaa, wala hakuja na macho ya mchoraji. Aliona kazi yote ya mtu mmoja, isiyofika saa tatu na nusu kwa jumla, na ndani yake L'Atalante ikawa sura ya mwisho ya maisha. Huko Marekani, ambako Zéro de conduite na L'Atalante zilionyeshwa pamoja mwaka 1947, mhakiki James Agee wa jarida la The Nation alimpandisha Vigo juu sana, ingawa uasi wa wale wanafunzi ulimkuna zaidi kuliko ndoa ya tishalini. Nakala zao zilikuwa na mapengo. Inashangaza kidogo kwamba sifa kubwa za mwanzo za filamu hii zilijengwa juu ya vipande, kama mtu anayemsifu mwimbaji aliyemsikia kupitia ukuta.

Hapo ndipo panapozuka pingamizi la pili, lenye sumu kidogo: kwamba watu wanaipenda L'Atalante kwa sababu wanampenda marehemu. Kijana mgonjwa, baba aliyekufa gerezani, kampuni katili, kazi iliyokatwa, kifo kabla ya miaka thelathini. Nani atathubutu kusema filamu inachosha? Pingamizi hili lina ukweli wa nusu. Ngano ya Vigo ilisaidia filamu yake kukumbukwa, na tangu 1951 ipo hata tuzo ya Kifaransa yenye jina lake kwa waongozaji wanaoonyesha moyo wa kujitegemea. Lakini ngano haiwezi kueleza sifa za Faure, zilizochapishwa Vigo akiwa hai na bila filamu kubwa hata moja iliyoruhusiwa kuonyeshwa. Wala haiwezi kueleza kwa nini waongozaji wengine waliokufa vijana hawatajwi, ingawa nao waliacha jeneza na mjane. Huruma humpeleka mtu ukumbini mara moja, na haiwezi kumrudisha mara ya tano. Tena huruma hiyo inaweza kuidhuru filamu: anayeiangalia kama wosia wa mtu anayekufa hachekeshwi ipasavyo na Mzee Jules anayepigana mieleka na nafsi yake mwenyewe juu ya sitaha, na kucheka pale ni lazima.

Mwaka 1990 Gaumont ilijaribu kulipa deni lake. Ilitengeneza nakala mpya ya dakika 89, ikitegemea sana nakala ya 1934 iliyokuwa imetunzwa katika hifadhi ya filamu ya Uingereza, ikaipeleka Cannes. Watazamaji wengi wa leo, wakisema wameiona L'Atalante, wanasema wameiona hii au mtoto wa hii. Na hapo ubishi ukageuka. Kwa zaidi ya nusu karne wapenzi wa Vigo walilalamika kwamba filamu ina pungufu. Sasa baadhi yao wakaanza kulalamika kwamba ina ziada. Watengenezaji, walisema, walifurahia mno kila kipande walichokiokota, wakarudisha hata vile ambavyo Vigo au Chavance huenda waliviweka kando kwa makusudi. Mwanahistoria Bernard Eisenschitz alipoishughulikia tena mwaka 2001, pamoja na Luce Vigo, binti wa mwongozaji, kazi yao ikawa pia ya kutoa baadhi ya yaliyotiwa. Mwaka 2017 ikaja nakala nyingine iliyosafishwa kwa mitambo ya kisasa. Mimi naona upande wa kutoa una hoja yenye nguvu zaidi, kwa sababu mwongozaji hujulikana pia kwa anachokitupa, na kumrudishia mtu kila alichokitupa si kumheshimu. Ila lazima tukiri kwamba bila pupa ya 1990 kusingekuwa na cha kuchagua mwaka 2001.

Sasa tuchukue watu wawili waliokaa mbele ya nakala hii moja, safi, wakiwa na muda na nia njema. Bado watatofautiana. Wa kwanza atasema hii si filamu ya mapenzi, kwa kuwa Jean na Juliette hawaambiani neno la maana hata moja, na mzee wa pembeni amewapora filamu yao. Kumjibu, ni lazima kumpeleka kwenye usiku wa kutengana. Jean yuko tishalini, Juliette yuko katika chumba cha kukodi mjini. Kila mmoja yuko peke yake kitandani, hapati usingizi, anajigeuza. Picha inakwenda kwa mmoja, inarudi kwa mwingine, na miili yote miwili imefunikwa madoadoa yaleyale ya kivuli na nuru, kana kwamba taa moja inawamulika wote wawili kupitia pazia moja. Hakuna neno. Filamu nyingi za mapenzi za miaka ile zilikuwa zikiwaweka wapenzi pamoja na kisha kuizima taa. Vigo aliwatenga, akaiacha taa. Na kabla ya hapo kuna jambo la maji. Juliette amemwambia Jean kwamba ukifumbua macho ndani ya maji utaona uso wa umpendaye. Jean anafanya mzaha, anatia kichwa ndooni. Akishaachwa anajitosa mferejini kwelikweli, na chini huko anamwona akielea na nguo ya harusi. Mtu anayedai mazungumzo atakuwa na njaa hadi mwisho. Anayekubali kwamba watu wawili wasiojua kusema wanaweza kuonyeshwa wakikosana kwa miili yao, ameshapewa zaidi ya alichodai. Na Mzee Jules hajawapora kitu: yeye peke yake ndiye aliyekwisha kuzunguka dunia na kupoteza watu, na ndiyo maana anajua kabla yao kwamba mambo haya hayajirekebishi yenyewe.

Wa pili ana pingamizi zito zaidi, na sijaona likijibiwa vizuri. Anasema: tazama mwisho. Mwanamke amezuiwa ndani ya chombo, amelaumiwa kwa kucheza dansi, vyombo vimevunjwa kwa hasira ya wivu, ameachwa katika jiji asilolijua wakati wa ukosefu mkubwa wa kazi, na hatimaye mwanamume mwingine anamtupa begani kama gunia la unga na kumrudisha kwa mumewe. Hakuulizwa. Tunaambiwa hii ni filamu bora ya mapenzi, na kilele chake ni shehena kurudishwa kwa mwenyewe. Wapo wanaojibu kwamba nyakati zilikuwa vile, jibu ambalo halifai kitu. Filamu hii hii iliwaonyesha watu wa 1934 mambo ambayo nyakati zao hazikuwa nayo. Jibu bora limo ndani ya picha. Juliette haondoki kwa kumkimbia Jean. Anaondoka kuona madirisha ya maduka, akikusudia kurudi, na anaporudi hakuna tishali. Aliyevunja ndoa ni Jean, na filamu inamwadhibu yeye kwa muda mrefu kuliko inavyomwadhibu mkewe: anakuwa mtu asiyejiweza, anakaribia kufukuzwa kazi, anakimbia hadi pwani ya Le Havre kama aliyerukwa na akili. Na katika lile duka la santuri, kabla Mzee Jules hajaingia, wimbo unaosikilizwa ni wimbo wa matishali. Masikio ya Juliette yalikuwa yamekwisha kurudi mtoni, na bega la Jules lilifuata.

Hata hivyo sitadai kwamba jibu hilo linafunga kesi. Mlalamikaji ana haki juu ya jambo moja ambalo hakuna hila ya uhariri inayoweza kulifuta: hatumsikii Juliette akisema nataka kurudi. Vigo angeweza kumpa sentensi moja. Hakumpa yeye, na hakumpa Jean ya kuomba radhi. Jean ananawa, ananyoa ndevu, anangoja chini. Juliette anashuka ngazi, wanatazamana bila neno, wanaanguka sakafuni wamekumbatiana. Mtu anayetaka upatanisho wenye masharti ataona pengo. Mimi naona kwamba pengo hilo limewekwa kwa haki sawa pande zote mbili, na kwamba filamu iliyokataa maneno usiku wa kutengana isingeweza kuyakimbilia asubuhi ya kurudi. Lakini huo ni uamuzi wa mtazamaji, na ndipo L'Atalante inapowagawa hata leo watu wenye nakala moja mkononi: wanaosoma ukimya wa Juliette kama ridhaa na wanaousoma kama kuzibwa mdomo. Jina la chombo lenyewe linauchochea ubishi huu, sijui kama kwa kusudi. Atalanta wa ngano za Kiyunani alikuwa mwanamke mwenye mbio aliyekataa kuolewa na yeyote asiyeweza kumshinda kukimbia, na aliyemshinda alimshinda kwa ujanja.

Waongozaji waliomrithi Vigo nao hawakukubaliana. Truffaut alimchukua kama ndugu mkubwa, na mwaka 1975 akaufufua muziki wa Jaubert kwa ajili ya L'Histoire d'Adèle H., miaka 35 baada ya mtunzi kufa. Bernardo Bertolucci alichagua njia nyingine. Katika Last Tango in Paris ya 1972 kuna kijana mpenda sinema, akiigizwa na Jean-Pierre Léaud, kipenzi cha Truffaut mwenyewe, ambaye anamchumbia msichana kando ya maji jijini Paris huku akimpiga picha. Anamvisha boya la kuokolea lililoandikwa L'Atalante. Kisha boya linatupwa majini. Wapo wanaoliona tukio hilo kama salamu kwa Vigo, na wapo wanaoliona kama dhihaka kwa kila anayedhani ndoa ya tishalini bado inawezekana. Boya haliwasaidii kuamua. Linazama.